Jinsi ya Kufikisha Slabu Nkwenda Ingali Slabu

Mwongozo huu ni wa wote wanaosafirisha zege lililokwisha kumwagwa na kukauka: slabu za vyoo, mifuniko ya mashimo, makalavati, paneli za uzio na kuta nzima, kwa Fuso au kwa semi, kutoka yadi za pembeni mwa lami hadi vijiji vya Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Ni wa suka na utingo wake, mwenye gari, fundi, mkandarasi, na mwalimu mkuu anayesubiri vyoo vya shule. Tumewaandika pia, kwa kuwacheka waziwazi, mabwana sita ambao kila mtu wa Kayanga au Omurushaka amewahi kukutana nao. Tunawacheka kwa sababu wanatuvunjia zege na wanahatarisha vijana wetu, na kicheko kina kazi pale ambapo onyo limezoeleka.

Neno lenyewe ni moja: safari ni sehemu ya ujenzi. Slabu ikishatua chini ya choo hukaa kimya miaka mingi, imebeba uzito uleule. Siku inapopata mateso makubwa kuliko yote ni siku inapopanda gari. Inanyanyuliwa kwa ndoano mbili, inarushwa na matuta, inavutwa mbele kila breki inapokanyagwa. Fundi aliyehesabu nondo kwa uangalifu halafu akamwachia yeyote kazi ya kubeba, amejenga nusu tu.

Hatua ya kwanza: uliza kama kuna haja ya kubeba

Bwana Beba-Tu akisikia kwamba shule fulani kule ndani ya Bugomora inataka slabu kumi za choo, anawasha gari. Angekaa kwanza na kalamu. Slabu ya mita 2 kwa mita 1, unene sentimita 10, ina ujazo wa mita 0.2 za ujazo. Zege lenye nondo lina uzito wa kilo 2,400 hivi kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo slabu hiyo ni kilo 480. Saruji iliyomo ndani yake ni kama mfuko mmoja na nusu. Kilichobaki ni mchanga, kokoto, maji na nondo chache.

Slabu kumi ni tani 4.8 za kubebwa. Saruji yake ni mifuko 15 hivi, yaani kilo 750. Kama mchanga safi, kokoto na maji vinapatikana huko huko, peleka saruji, nondo, fomu na fundi anayejua kazi, mmwage zege palepale. Barabara itapumzika, na hakutakuwa na kitu cha kuvunjika njiani.

Kubeba zege kavu kuna maana mahali pake. Kuna maana pale ambapo yadi ina mashine ya kushindilia na inapima mchanganyiko kwa kipimo badala ya kukisia. Kuna maana pale ambapo mchanga wa kijijini umejaa udongo, au maji ni ya kuchotwa bondeni. Kuna maana zaidi kwenye kalavati la barabara ambayo haiwezi kufungwa wiki nne kusubiri zege likomae. Ukiona sababu mojawapo ya hizo, endelea na hatua ya pili.

Hatua ya pili: pima kwa hesabu

Bwana Jicho-Mizani hupima mzigo kwa kutazama bodi. Akiona nafasi bado ipo, anaagiza ziongezwe. Jicho lake limefundishwa na mikungu ya ndizi na magunia ya kahawa ya maganda, mizigo inayojaza gari hadi juu kabla haijalizidi nguvu. Zege lina tabia nyingine kabisa. Slabu 20 za kipimo tulichotaja, zikipangwa tano tano kwa kwenda juu na mbao katikati, zinamfika mtu kiunoni tu, na tayari ni tani 9.6. Gari limezidi uwezo wakati bodi inaonekana tupu.

Kwa hiyo zidisha urefu kwa upana kwa unene, vyote kwa mita, kisha zidisha kwa 2,400. Ukuta wa mita 3 kwa 2.5, unene sentimita 15, ni kilo 2,700. Kalavati la mita moja lenye upenyo wa ndani wa sentimita 90 na unene wa sentimita 9 ni karibu kilo 670. Paneli ya uzio ya mita 2 kwa sentimita 30, unene sentimita 4, haifiki kilo 60. Hiyo watu wawili wanaibeba. Linganisha jumla na kadi ya gari, kisha angalia ekseli.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, ambayo TANROADS huisimamia kwenye mizani zake, inaruhusu gari kufikisha tani 56 kwa ujumla. Lakini inahesabu pia ekseli moja moja: tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne. Zege likirundikwa mkiani, ekseli ya nyuma inazidi hata kama jumla ya gari iko sawa. Na kwenye mlima, uzito huo wa nyuma unainua pua. Usukani unakuwa mwepesi mkononi, magurudumu ya mbele yanakosa nguvu ya kushika udongo, na suka anakata kona gari likienda moja kwa moja. Panga uzito uanze mbele, karibu na kizuizi cha bodi, ugawanyike sawa kushoto na kulia.

Hatua ya tatu: acha zege likomae

Bwana Limeshakauka hugonga slabu kwa kidole siku ya tatu na kutangaza kwamba ipo tayari. Kukauka na kukomaa ni vitu viwili. Zege linalotunzwa vizuri kwa maji hufikia kama theluthi mbili ya nguvu yake baada ya siku 7, na nguvu iliyokusudiwa hupimwa siku ya 28. Vilima vya Karagwe vina usiku wa baridi, na baridi huchelewesha kazi hiyo. Tena, zege lililoachwa juani bila kumwagiliwa halikomai ipasavyo hata lingekaa mwaka.

Yadi yenye heshima huandika tarehe ya kumwaga kwa rangi kwenye ubavu wa kila kipande. Ukikuta yadi isiyoandika, waambie waanze na mzigo wako. Kama slabu haijatimiza siku zake, acha gari likapakie kitu kingine.

Hatua ya nne: nyanyua na ulaze pale nondo zinapotaka

Hapa tusogee karibu. Zege huvumilia kubanwa, lakini likivutwa hupasuka. Ndiyo maana ya nondo. Kwenye slabu ya kawaida ya choo au mfuniko, nondo ziko chini, kwa sababu slabu ikikanyagwa katikati, upande wa chini ndio unaovutwa. Upande wa juu mara nyingi hauna nondo kabisa. Ukiigeuza slabu hiyo juu chini, au ukiiwekea mbao katikati ikaning'inia ncha zote mbili, umeamuru upande usio na nondo ubebe mvuto. Tuta moja linatosha kumaliza kazi.

Kanuni ni nyepesi kukumbuka. Gawa urefu wa slabu mara tano. Weka mbao mbili, kila moja ikiwa sehemu moja ya tano kutoka ncha yake. Kwa slabu ya mita 2 ni sentimita 40 kutoka kila mwisho; kwa slabu ya mita 3 ni sentimita 60. Mbao ziwe mbili tu. Mbao ya tatu katikati ikiwa juu ya wenzake kwa unene wa kidole, slabu itaielemea hiyo na kukatikia hapo hapo.

Ukipanga slabu juu ya slabu, mbao za tabaka la pili zikae juu kabisa ya mbao za tabaka la kwanza, na kuendelea hivyo hadi juu, ili uzito ushuke kwa mstari mmoja mpaka kwenye sakafu ya gari. Simama pembeni ya gari utazame kwa jicho moja. Ukiona mbao zimepishana kama ngazi, slabu ya chini imebebeshwa uzito wote wa juu katikati ya tumbo lake. Shusha, panga upya. Utingo akipiga kelele njiani, "Suka, huku nyuma mbao imeteleza," jibu ni kusimama.

Kunyanyua nako kunafuata sehemu hiyo hiyo ya tano: ndoano ziwe hapo, zimefungwa kwenye nondo tangu siku ya kumwaga. Angalia pembe ya mnyororo. Ukinyanyua slabu ya tani 1 kwa miguu miwili ya mnyororo, na kila mguu una pembe ya nyuzi 60 kutoka ulalo wa slabu, kila mguu unabeba kama kilo 580. Ukitumia mnyororo mfupi, pembe ikashuka hadi nyuzi 30, kila mguu unabeba tani nzima, na ndoano zinavutwa kwa ndani kama zinataka kukutana. Mnyororo mrefu unaokoa mnyororo, ndoano na slabu.

Na chini ya mzigo ulioning'inia hapiti mtu, hata wa kwenda kuweka mbao tu. Mbao zinawekwa kwanza, watu wanatoka, mzigo unashuka.

Hatua ya tano: ukuta usafiri umesimama

Slabu husafiri imelala, ukuta husafiri umesimama. Ukuta wa zege uliotengenezwa yadi kwa kawaida ni mpana na mwembamba, na ulisukwa kubeba uzito kwa kusimama. Ukiulaza, kila shimo barabarani linaukunja. Kwa hiyo gari la kuta linahitaji fremu ya chuma yenye umbo la herufi A katikati ya sakafu, imefungwa imara kwenye chesisi. Kuta huegemea pande zote mbili, zimelala kidogo kuelekea ndani, makalio yakiwa juu ya mbao na migongo ikizuiwa na mpira.

Pakia kwa zamu: mmoja kushoto, mmoja kulia. Kuta tatu za kilo 2,700 zikiwa upande mmoja na upande wa pili mtupu, gari limeshaanza kuanguka. Linasubiri kona tu. Kushusha nako ni kwa zamu hiyo hiyo, juu ya ardhi tambarare.

Kila ukuta ufungwe kwa mkanda wake wenyewe. Hii ndiyo kanuni ambayo kuivunja kunaua watu wakati gari limeshafika salama. Washushaji wanafungua mikanda yote kwa pamoja ili kazi iende haraka, winchi inachukua ukuta wa kwanza, na wa pili, uliobaki bila kushikwa, unamwangukia kijana aliyesimama akitazama. Usifungue mkanda wa ukuta wowote kabla haujashikwa na winchi.

Linda pia kingo. Tarehe 16 Mei 1968, huko London, mlipuko wa gesi katika ghorofa la 18 la jengo la Ronan Point, lililojengwa kwa kuta za zege zilizotengenezwa kiwandani, ulisukuma ukuta mmoja nje, na kona nzima ya jengo ikaporomoka kuanzia juu hadi chini. Watu wanne walikufa. Ulimwengu ulijifunza kwamba nguvu ya majengo ya namna hiyo iko kwenye maungio. Kona ya ukuta iliyomeguka ndani ya gari ni ungio lililokufa kabla ya kuzaliwa, na kulipaka saruji juu ili lipendeze ni kumdanganya atakayelala ndani.

Hatua ya sita: funga

Bwana Kamba-Moja ana kamba ya katani aliyofungia magunia ya maharage, na anaamini kwamba kitu kizito hakiendi popote. Kitu kizito ndicho kinachokwenda. Gari likisimama ghafla, zege linaendelea na safari, na kilichoko mbele yake ni kabini yenye suka na utingo. Viwango vya Ulaya vya kufunga mizigo vinataka mzigo uzuiwe usiende mbele kwa nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wake, na asilimia 50 kwa pembeni na nyuma. Kwa tani 9.6 za slabu, ni kuzuia nguvu ya tani 7.7 kuelekea kwenye shingo zenu.

Tumia minyororo yenye vikazio au mikanda ya kukaza kwa mkono, na usome uwezo wake kwenye kibandiko. Mkanda uliopoteza kibandiko au uliochanika ustaafu. Zege juu ya chuma kitupu huteleza, kwa hiyo weka mbao kavu au mipira chini. Sukuma mzigo ugusane na kizuizi cha mbele. Pakibaki pengo, lijaze kwa mbao. Mkanda usipite kwenye ncha kali ya zege bila kinga: kipande cha tairi kuukuu kinatosha, na kinapatikana kila gereji ya Omurushaka. Makalavati yaliyolazwa yatiwe kabari za mbao zilizopigiliwa misumari, kila moja pande zote mbili.

Baada ya kilomita chache za mwanzo, simama ukaze tena. Mbao zimekandamizwa, mzigo umejipanga, na mikanda iliyokuwa imekaza imelegea.

Hatua ya saba: heshimu barabara

Bwana Tutafika ndiye hatari kuliko wote, kwa sababu mara nyingi hufika, na kila akifika anazidi kujiamini. Kwake, lami ya Kyaka hadi Bugene, kilomita 59 hivi, ni mahali pa kukomboa muda. Sheria inaliwekea gari lenye uzito wa zaidi ya tani 3.5 kilomita 80 kwa saa kuwa mwisho, na 50 kwenye makazi. Kwa gari la kuta zilizosimama, kona za vilimani zinataka chini ya hapo sana. Uzito uko juu, na gari hupinduka kabla tairi hazijalia.

Karagwe na Kyerwa ni nchi ya migongo na mabonde: unapanda, unatembea mgongoni, unashuka, unavuka bonde lenye tope, unapanda tena. Teremka na gia nzito, ile ile ambayo ungepandia mlima huo, na uache injini izuie gari. Anayeshuka bila gia ili aokoe dizeli anaipa breki kazi yote. Breki zinapata moto, zinapoteza nguvu, na bondeni kuna daraja jembamba na ng'ombe wa pembe ndefu wanavuka kwenda majini.

Kabla ya safari ya ndani, iwe ya Nkwenda, Kaisho, Mabira au Murongo, tuma mtu wa bodaboda atangulie akakague. Atazame kalavati zilizoko njiani zina hali gani, mabega ya barabara yamekatika wapi, nyaya za umeme zimeshuka wapi. Watu wa mkoa huu wanajua thamani ya mahali pa kuvukia: mwaka 1978, vita na Idi Amin ilipofika, daraja la Kyaka kwenye Mto Kagera lilibomolewa, na nchi ikakatika vipande viwili. Daraja dogo la kijiji likivunjwa na Fuso iliyozidisha uzito, kijiji hicho kinakatika vilevile, na mama mjamzito anayewahishwa hospitali hajali nani alikuwa na haraka.

Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Desemba, hugeuza udongo mwekundu kuwa sabuni. Mzigo wa zege hauozi. Panga safari za ndani kati ya Juni na Agosti. Ukilazimika wakati wa mvua, subiri barabara inyonye maji tangu asubuhi, uende na mzigo nusu.

Gari likikwama mlimani, utingo aruke na kabari ya mbao yenye kamba, si na jiwe. Jiwe hubaki barabarani gari likiondoka, na usiku bodaboda huligonga. Weka pembetatu za kuakisi mwanga. Majani ya migomba hayaonekani gizani. Na juu ya mzigo asipande abiria, awe mjomba wa mwenye gari au mwanafunzi anayeomba lifti.

Hatua ya nane: shusha, mwaga maji, ndipo utie sahihi

Kushusha kwa kuangusha kalavati juu ya rundo la matairi ni desturi mbaya iliyokwisha kuota mizizi. Tairi huokoa sauti, haliokoi zege. Kama winchi haipo, viringisha kalavati taratibu juu ya mbao mbili ndefu imara, kamba ikiwa imezungushiwa kalavati na kushikwa kutoka juu ya gari, na mbele yake pasiwe na mtu.

Mzigo ukishatua anatokea Bwana Tia-Sahihi, karatasi mkononi: "Mwalimu, saini hapa, tunawahi mvua." Jibu la mwalimu liwe: "Subirini kidogo, wanangu, nilete ndoo." Mwaga maji juu ya slabu nzima, kisha usubiri uso uanze kukauka. Pasipo na ufa panakauka sawasawa. Penye ufa, maji yaliyoingia ndani huchelewa, na mstari mweusi mwembamba unabaki umejichora pale, hata kama jicho halikuuona mwanzo. Kisha gonga kwa nyundo ndogo kuanzia ncha hadi ncha. Zege zima hulia kwa sauti kali. Lililoachana ndani huitika kwa sauti nzito, iliyokufa. Kagua ndoano, kagua kona. Mistari midogo ya juujuu kama nywele mwonyeshe fundi aamue. Ufa unaokatiza slabu kutoka ubavu hadi ubavu, au unaoonekana juu na chini, hauna mjadala: slabu hiyo irudi kwenye gari, na karatasi iandikwe hivyo.

Msimwonee haya suka, na suka asione ametukanwa. Alasiri ya tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliutikisa mkoa wa Kagera, likaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Ardhi yetu inatikisika, na inapotikisika haitazami sahihi iko wapi. Ufa uliopatikana kwenye teremko na kufichwa kwa uji wa saruji ndio unaosubiri siku kama hiyo. Na kwenye choo cha shule hausubiri hata tetemeko. Unasubiri watoto wawili wasimame juu ya slabu kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo halmashauri na wakandarasi wauandike usafiri kwenye mchanganuo wa gharama kama kazi ya ujenzi yenye masharti: umri wa zege, idadi ya mbao, aina ya mikanda, fremu ya kuta, winchi ya kushushia, na ukaguzi wa maji kabla ya malipo. Wamlipe suka kwa vipande vilivyofika vizima, wala wasimlipe kwa idadi ya safari. Siku malipo yatakapofuata uzima wa zege, wale mabwana sita watajifunza hesabu upesi kuliko mwongozo wowote ungeweza kuwafundisha.